Kabla ya Lami, Sote Tulikuwa Wanachama

Mtoto wa Kagunga hakuota magari. Mbele yetu ziwa, nyuma yetu milima inayopanda kuanzia mchangani, na Burundi ni mwendo wa mguu tu. Kwenda Kigoma mjini ni kwa boti hadi Kibirizi, mkiambaa pwani yote ya Gombe. Boti ikirudi na mawimbi yamechafuka, kila aliyekuwa ufukweni aliingia majini kuikamata, awe ana mzigo ndani au hana.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilivuka maji nikawa utingo wa Land Rover 109 iliyopakia abiria na kahawa kati ya Mwandiga na Manyovu. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, na masika yakishika inateleza kama sabuni. Dereva wangu, mzee wa Kiha asiyependa maneno, aliweka nyuma ya kiti jembe, panga, mnyororo na blanketi kuukuu. Tukizama alisema, "Kijana, shuka ukate." Nikishuka, kwanza nazungusha kwa mkono kufuli za magurudumu ya mbele, maana fo-wili ya siku zile haikuja kwa kubonyeza kitufe. Kisha nakata migomba na makuti ya michikichi, nayalaza mbele ya matairi.

Blanketi nilidhani ni la kulalia. Siku moja, lori lilipotufunga mnyororo kutuvuta, mzee alilichukua akalitandika juu ya mnyororo, katikati, akatufukuza sote kando. Hakueleza, nami sikuuliza.

Gari lolote lililotukuta tumekwama lilisimama: la misheni, la serikali, pikapu ya mchuuzi wa dagaa. Watu wa rika langu hupenda kusimulia ukarimu huo kana kwamba tulikuwa malaika. Njia ilikuwa moja na sisi tumeiziba, wangepita wapi? Kule ufukweni sijui, lakini barabarani tope ndilo lililotufanya tuwe wema.

Mwaka 1991 yalifanyika mashindano ya Camel Trophy, msafara wa Land Rover za manjano kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, timu za mataifa mbalimbali. Waturuki walishinda. Vijiweni mwa madereva tulicheka sana: wenzetu wanasafiri toka Ulaya kuja kutafuta tope! Nilikuja kujua baadaye kwamba kando ya ushindi kulikuwa na tuzo ya timu yenye moyo wa ushirikiano, na waliopiga kura ni washindani wenyewe. Hapo nikaacha kucheka.

Lami ya Manyovu ilikuja wakati wa Kikwete. Siililii tope. Mjamzito wa Mnanila sasa anawahi hospitali ya Maweni, na hilo peke yake linatosha. Ila mwenye pancha siku hizi hukaa chini ya mti akipiga simu, magari yakimpita. Anayepita si mtu mbaya, hajazibiwa njia tu.

Mimi nilikuwa nimeshahamia Arusha, naendesha watalii, na huko mteja mmoja akanialika kwenye kikundi cha wenye magari ya fo-wili. Kuna ada, kuna katibu, kuna Jumamosi ya mazoezi. Mzee wangu angeshangaa kusikia kuvutana kunalipiwa kiingilio. Lakini ni katika mazoezi hayo nilielezwa lile blanketi: kamba ya winchi iliyokazwa imebeba nguvu kubwa, ikikatika inaruka kama mjeledi na inaweza kuua, ila ikiwa na kitu kizito juu yake huanguka chini. Nilifundishwa kupunguza upepo wa tairi mchangani, kutoka pauni 35 hivi hadi 18, ili tairi lilale na kukanyaga eneo pana, na kuujaza tena kabla ya kurudi barabara kuu. Nikajifunza pia sheria ya msafara ambayo naipenda kuliko zote: kila dereva anamwangalia aliye nyuma yake, na kwenye njia panda haondoki mpaka aonwe. Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, hurudisha gari kinyumenyume korongoni vizuri kuliko sisi tunaojiita wazoefu. Spea zilizoadimika hupatikana kwa mwenzako, na fundi mwizi hajifichi muda mrefu kwa watu wanaopeana habari.

Wapo pia wanaokuja kupiga picha, na wanaodhani fo-wili ni ruhusa ya kukanyaga nyasi za hifadhi. Hao tunawatoa. Ndani ya hifadhi za taifa kuacha barabara ni kosa.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijaa Kagunga, kijiji kisicho na nafasi hata kwa wenyewe, na kipindupindu kikaingia. Wenzangu wakakusanya sabuni, madumu na maturubai, kisha mmoja akaniuliza, "Kaka, kutoka Kigoma mjini hadi kwenu ni kilomita ngapi kwa barabara?" Nikamwambia hakuna barabara. Tulikwenda hata hivyo. Toka Nyakanazi kupitia Kibondo hadi Kasulu ilikuwa bado vumbi, na baada ya mvua ni tope. Tulivutana sana, tukilaza blanketi juu ya kamba kila mara. Kibirizi magari yakafika mwisho wa kazi yake, winchi na taa na yote, mzigo ukahamia kwenye boti. Nje ya Kagunga MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikisimama mbali na ufukwe huku boti ndogo zikiipelekea watu.

Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya Ujerumani ya gwaride la magari 632. Nilifurahi kuziona 109 zikinguruma. Lakini nikipewa nafasi ya kuiga, nitawaiga Wakenya. Rhino Charge yao, tangu 1989, hutaka dereva apitie vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote, si mwenye kasi. Fedha zake zilisaidia kuzungushia msitu wa Aberdare uzio wa kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009.

Wenye Land Cruiser za mkonga mlioko Kigoma, Ujiji na Kasulu, anzisheni chama chenu. Watu sita wanatosha, na ada ya mwanzo inunue kamba nzuri na sanduku la huduma ya kwanza. Njia za milimani bado nyingi ni za udongo, kwa hiyo jipangeni kabla ya masika.