Uvivu, Kashasha na kichwa kinachogoma

Leo nataka tuzungumzie neno moja ambalo huku kwetu Kagera linatumika kama fimbo: uvivu. Mtoto asipomaliza palizi kwenye migomba, mvivu. Mwandishi asipoleta habari kabla ya saa kumi jioni, mvivu. Kesi imeisha, hakuna anayeuliza swali la pili.

Swali la pili ni hili. Mtu anayeijua kazi, anayeipenda, aliyekaa mbele yake tangu asubuhi na bado hawezi kuianza, naye ni mvivu? Mvivu si anapumzika jamani! Huyu hapumziki. Jioni amechoka kuliko aliyelima.

Nauliza kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nina kile ambacho madaktari wanakiita ADHD. Wengi wakisikia wanafikiria mtoto mtukutu anayeruka juu ya madawati. Lakini watoto hao hukua, na wengi hukua nayo. Ule uwezo wa ubongo wa kupanga kipi kianze, kipi kifuate, kisha kuuambia mwili "haya, twende", kwetu una mtindo wake. Ndege ilipoanguka ziwani hapa Bukoba Novemba 6, 2022, au virusi vya Marburg vilipotangazwa Machi 2023, kichwa cha namna hii kinawaka chenyewe. Ripoti ya kurasa nne ya kikao cha kata? Kinagoma. Halafu unajisukuma kwa hofu, mwezi baada ya mwezi, mpaka hata kile kinachokuwasha kinaacha kukuwasha.

Sasa twende Muleba kidogo. Januari 30, 1962, wiki saba baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikachanganyika na kilio na mahangaiko. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu, hata mmoja. Mabinti wakarudishwa makwao, na kule Nshamba watu 217 wakapatwa pia, wengi wao vijana. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walitafuta vijidudu na sumu wasione kitu. Wenyeji waliita omuneepo.

Dunia inaisimulia habari hii kama kichekesho: eti Tanganyika watu walicheka miezi kadhaa! Lakini mtafiti Christian Hempelmann alipoichunguza miaka mingi baadaye, alichoona ni msongo. Vijana waliobebeshwa matarajio mazito ya wazazi na walimu, katika nchi changa, bila pa kuusemea mzigo wao.

Sisemi mabinti wale walikuwa na ADHD, la hasha. Ninachosema ni kwamba mdomo ukikosa ruhusa ya kusema "nimeelemewa", mwili unasema kwa niaba yake. Mwingine atacheka, mwingine atalia, mwingine ataganda mbele ya kompyuta.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na ufanisi kushuka. Halikuuita ugonjwa, lilisema unatokana na msongo wa kazini ambao haujashughulikiwa. Soma tena hapo. Msongo wa kazini. Fimbo haitibu hilo.

Basi tunaishije? Mimi somo langu nimelipata kwenye senene. Gunia la senene ukiachiwa unyonyoe peke yako linakutoa machozi. Wakikaa watu watano jamvini, stori zinapigwa, linakwisha hujui limekwisha saa ngapi. Hakuna aliyekunyonyolea wa kwako, umekaa tu na watu. Ndiyo maana siku hizi kazi inayonigomea naifanya rafiki akiwa mezani na ya kwake. Naikata vipande: leo sentensi tatu, si makala. Kila kitu nakiandika kwenye kijitabu, maana kumbukumbu yangu ni pakacha linalovuja. Na baada ya wiki ya habari nzito nadai siku ya kupumzika mapema, kabla mwili haujaidai wenyewe.

Na daktari? Nendeni. Si lazima uwe unaokota makopo ndipo uonwe na mtaalamu wa akili.

Kuna kijana ofisini kwako, au mdogo wako pale nyumbani, ambaye ameshaitwa mvivu mara nyingi mpaka naye ameamini. Kabla hujaongeza ya leo, vuta kiti ukae karibu yake nusu saa. Muulize tu: "Kipande gani kimekukwamisha?"

Nawasilisha.