Mlango Uliokataa Kufungika

Zamani mkulima wa Marekani aliyetaka kuchukua mizigo yake kwa motokaa alinunua motokaa ndogo ya kupandia watu, kisha akaunda sanduku la mbao na kulifunga nyuma. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza motokaa ndogo iliyokwisha kutiwa sanduku la mizigo kiwandani, ndiyo pikapu. Baadaye, mwaka 1947, kampuni ya Chevrolet ilitoa pikapu za umbo jipya, zenye mabega ya mviringo, na moja yao, iliyohesabiwa kuwa ya kuchukua nusu tani, iliitwa 3100. Umbo hilo liliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1955. Pikapu hizo zilichukua maziwa, nyasi, mbao na mifugo; na zilipochoka, nyingi ziliachwa nyuma ya maghala, kutu ikazila pole pole. Siku hizi wako watu wazitafutao na kuzifufua, nao huzipenda kuliko motokaa mpya.

Watu wengi hudhani kwamba kazi iliyo ngumu katika kufufua motokaa ya kale ni injini. Injini ni kazi kweli, lakini vipimo vyake vimeandikwa, na afuataye vipimo hapotei sana. Kazi iwashindayo wengi ni kulinganisha mabati ya nje, yaani milango, madigadi na boneti, hata mianya iliyo kati yake iwe sawa juu na chini, kuume na kushoto. Mwanya wa mlango ni mdogo, kadiri ya milimita 5 tu. Lakini ukipanuka upande mmoja na kubana upande wa pili, jicho huona mara moja, hata jicho la mtu asiyejua lolote la ufundi.

Mfikirini kijana mmoja aliyeachiwa pikapu ya namna hiyo na babu yake. Babu aliiendesha shambani miaka mingi, na kijana alijifunza kushika usukani akiwa amepakatwa magotini pake. Basi anataka kuifufua. Ameweka akiba, na fedha yote imekwisha nunua rangi. Kumebaki jambo moja tu: mlango wa upande wa dereva haufungiki. Pembe yake ya chini, upande wa kitasa, yakwaruza kizingiti, na juu mwanya ni mpana hata kidole chapenya. Kijana atwaa tupa. Asema moyoni, “Nitapunguza bati kidogo hapa chini, nao utafunga.”

Jirani yake, mzee aliyefanya kazi ya bodi maisha yake yote, amwona na kumwuliza, “Mwanangu, mlango huu ulikuwa ukifunga zamani?”

“Naam, mzee. Babu aliufunga kwa kidole kimoja.”

“Je, tangu siku zile mlango umekua, kama mtoto akuavyo?”

Kijana acheka. “La, mzee. Bati halikui.”

“Basi usiukate. Mlango haukukosa. Tafuta kilichosogea.”

Wote wawili wakaingia chini ya motokaa. Kwanza mzee alihakikisha kwamba imekaa juu ya vigingi vya chuma imara, maana mtu mwenye akili haingii chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Hapo waliona jambo. Chumba cha dereva katika pikapu hizi kimekalishwa juu ya chasisi, yaani ule mfupa wa chuma uchukuao motokaa nzima, na kati ya viwili hivyo huwekwa mipira ili kupunguza mtikisiko. Upande ule wa mlango mbaya, mpira wa mbele ulikuwa umeoza na kuwa unga, na chuma kilichokaa juu yake kimeliwa na kutu. Pembe ya chumba ilikuwa imezama. Mwimo wenye bawaba ukashuka pamoja nayo, ukauvuta mlango chini. Lakini mwimo wa nyuma, wenye kitasa, ulibaki mahali pake. Kosa lilionekana mlangoni, lakini lilizaliwa chini.

Kama kijana angaliukata mlango siku ile, ungalifunga, naye angalifurahi. Lakini siku ya kutengeneza ile pembe iliyozama, mlango ungalirudi juu na kuacha mwanya mkubwa chini, na mlango wa babu ungalikuwa umeharibika. Tupa huondoa bati, lakini hairudishi.

Kwa hiyo mafundi wa kazi hii huanza chini, nao hufuata utaratibu. Kwanza huweka chasisi sawa kwa pimamaji, kisha huipima mshazari: kutoka tundu la mbele la kuume mpaka tundu la nyuma la kushoto, na tena kutoka tundu la mbele la kushoto mpaka tundu la nyuma la kuume. Vipimo hivi viwili vikiwa sawa, chasisi haikupinda upande. Kila mwanafunzi aliyechora mstatili daftarini ajua sababu yake.

Baadaye hutengeneza chumba cha dereva. Ikiwa chuma cha chini kimeoza na yapasa kukatwa, fundi hulehemu kwanza vyuma vya kukaza kutoka mwimo hata mwimo, ili nafasi ya mlango isibadilike umbo wakati chuma kibovu kitolewapo. Asiyefanya hivyo huweka chuma kipya kizuri sana, kisha akaona kwamba mlango hauna tena mahali pa kukaa. Chumba kikiisha kuwa imara, hukalishwa juu ya mipira mipya, na penye upungufu hutiwa kibati chembamba mpaka kikae sawa.

Ndipo milango huangikwa. Fundi huondoa kwanza kile kipande cha mwimoni kinachopokea kitasa, kwa kuwa kipande hicho chaweza kuuinua mlango ukifungwa na kumdanganya atazamaye. Mlango ukae mahali pake kwa nguvu ya bawaba peke yake. Huulinganisha na kizingiti na mwimo wa nyuma, ambavyo havisogei tena. Kisha hurudisha kile kipande. Tena huujaribu pamoja na mpira wake wa kuzuia maji, maana mpira mpya husukuma mlango nje.

Baada ya milango hufuata madigadi ya mbele, na boneti ni ya mwisho. Bolti zote hukazwa kwa vidole tu, hata kila bati liwe limepata nafasi yake. Ndipo spana itumike. Na hapa pana jambo la ajabu. Ikiwa mwanya kati ya madigadi na mlango ni mpana juu na mwembamba chini, fundi hagusi mwanya wenyewe. Huenda mbele kabisa, akatia kibati chini ya kiunzi cha rejeta. Mbele yainuka kidogo, nyuma ya madigadi yalalia mlango, na ule mwanya wajifunga juu. Mkono umefanya kazi mahali pamoja, na matokeo yameonekana mahali pengine. Mwisho huja sanduku la mizigo, nalo hulinganishwa na mgongo wa chumba cha dereva.

Haya yote hufanywa kabla ya kupaka rangi. Mabati yakiisha kulingana, hutiwa alama penye bolti na bawaba, hufunguliwa, hupakwa rangi, kisha hurudishwa kwenye alama zake. Kuna wapakao kwanza na kulinganisha baadaye, nao hulia wanapoona rangi mpya ikibanduka ukingoni. Kuna na wengine waliochoka kutafuta. Hao huziba mwanya kwa dawa ya kujazia, hupiga msasa na kupaka juu yake. Motokaa hung'aa siku ya maonyesho. Lakini ikipita njia ya mashimo siku chache, chumba hutikisika juu ya mpira mbovu, ile dawa hupasuka, na kosa hutokeza tena, limekuwa kubwa kuliko kwanza.

Hata hivyo, fundi mwema hatafuti zaidi ya haki. Pikapu hizi ziliundwa kwa kazi, wala mianya yake haikuwa kamili hata zilipotoka kiwandani. Ikiwa milango yafunga vizuri, maji hayaingii, na jicho halikwazwi, yatosha.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi hupenda kusimama wima na kurekebisha kionekanacho, kwa kuwa kazi hiyo ni nyepesi, na watu huiona na kuisifu. Kuinama katika giza la chini, penye kutu na mafuta, hakuna asifuye. Mtoto akifeli hesabu za sehemu, pengine alikosa kujifunza kugawanya miaka miwili iliyopita. Ukuta ukipasuka juu ya dirisha, pengine msingi umezama pembeni. Mtu aonapo kitu kimekwenda upande, na aulize kwanza, “Ni nini kilichosogea?” Swali hilo huchukua muda, lakini halikati bati la mtu.