Mcheza Kwao Hutuzwa

Dunga ni kijiji cha wavuvi kusini mwa mji wa Kisumu, kando ya Ghuba ya Winam. Mafunjo husimama huko majini bega kwa bega, na asubuhi mashua hurudi zikiwa na mbuta, ngege na omena. Nilifundisha hesabu karibu na ufuo huo kwa miaka kadhaa. Nimekusudia kukueleza, msomaji kijana, kosa nililotenda huko na namna nilivyosahihishwa. Maana kosa la mwalimu ni deni ambalo aghalabu hulipwa na wanafunzi, na deni lililokwisha kulipwa si haki lipotee bila faida.

Darasa langu liliogopa hesabu. Nilipoandika swali ubaoni wote walitazama chini, kila mmoja akiomba kimoyomoyo asiitwe. Walakini watoto hao hao, kengele ya mwisho ilipolia, walikimbilia simu za kaka zao wakacheza michezo ya video hata giza likaingia. Humo walishindwa mara kumi, wakajaribu mara ya kumi na moja bila kulazimishwa na mtu. Nilijiuliza: Mtoto asiyevumilia kosa moja katika daftari huvumiliaje makosa kumi katika kioo cha simu? Niliitazama michezo yenyewe. Niliona kuwa kila hatua ina alama zake, kila daraja lina nishani yake, na jina la mshindi hupanda juu ya orodha mbele ya macho ya wote. Nikadhani nimeipata siri.

Basi nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikaandika majina yote. Jibu sahihi lilipata nyota moja. Nyota kumi zilileta penseli, na nyota hamsini zilileta daftari. Vyote nilivinunua kwa mshahara wangu. Wiki za kwanza zilinifurahisha mno. Mikono ilinyoshwa juu, madaftari yaliletwa kabla sijayaita, na walimu wenzangu walichungulia dirishani kuona ni ajabu gani iliyotokea. Nilijisifu moyoni. Kujisifu mapema ni kama kuuza samaki aliye bado majini.

Kabla ya muhula kwisha niliona mambo ambayo sikuyapanda, au niseme kwa kweli, niliyapanda bila kujua. Nilipotoa swali gumu, la kwanza kuulizwa halikuwa "Tuanzie wapi?" bali "Lina nyota ngapi, Mwalimu?" Watoto walichagua maswali mepesi na kuyaacha mazito, kwa kuwa nyota ya swali jepesi ilikuwa sawa na nyota ya swali zito. Majibu yaliuzwa nyuma ya darasa, jibu moja kwa andazi moja. Walio chini ya orodha walikata tamaa kabisa, kwa sababu kila asubuhi ukuta uliwaambia kuwa wao ni wa mwisho.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa la kijana mmoja. Mama yake alikausha omena ufuoni na kuipima kwa gorogoro. Kabla ya nyota kuja, kijana huyo alikuwa na desturi ya kuniletea maswali aliyoyatunga mwenyewe: omena mbichi ya ndoo moja hutoa gorogoro ngapi ikikauka, na bei iwe kiasi gani ili mama asipate hasara siku ya mvua? Maswali yale yalikuwa bora kuliko yangu. Baada ya nyota kuja, aliacha kuyaleta. Fedha zangu zilipokwisha nikaibandua ile karatasi, nilimwomba anitungie swali kama zamani. Alinitazama kwa mshangao usio na ufidhuli akasema, "Bila nyota, Mwalimu, ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeinunua furaha yake kwa penseli, na sasa penseli hazipo na furaha haipo.

Baadaye nilisoma kwamba wengine walikwisha kuliona jambo hili kabla yangu. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa habari za watoto wadogo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Kundi la pili lilichora kwanza, kisha likapewa cheti bila kutazamia. Kundi la tatu halikupewa kitu. Siku zilipopita, kalamu ziliwekwa tena mbele yao bila ahadi yoyote. Wale waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kibarua, na kibarua bila ujira hakina mtu. Haikosi kusemwa kwamba si kila tuzo hudhuru. Neno la sifa lililo kweli, linalomwonyesha mtoto ni wapi alipofanya vyema, aghalabu humtia nguvu. Lakini ahadi ya malipo iliyotangulia kazi yafaa iogopwe kama dawa kali.

Jioni moja nilitembea ufuoni nikiwa na huzuni hiyo. Chini ya mti, wazee wawili walikuwa wakicheza ajua, mchezo wa Waluo ulio ndugu wa bao la pwani. Yule kijana alikuwa amechutama kando yao. Mzee mmoja alipokusudia kuchukua kokoto za shimo fulani, kijana alitikisa kichwa, akaonyesha shimo jingine kwa kidole. Mzee akalicheza hilo, akala. Nilimwuliza kijana alijuaje. Alisema alikuwa amehesabu mbele, shimo kwa shimo, mpaka mahali kokoto ya mwisho itakapoangukia, kisha akahesabu pia kile ambacho mpinzani angefanya baada ya hapo. Yeye aliyeniambia "ya nini?" alikuwa akijumlisha na kutoa kichwani katika giza la jioni, bila nyota, bila penseli, bila andazi.

Hapo nikaelewa. Msomaji anayejua bao la Waswahili anafahamu kuwa ubao wake una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Mtu asiyeweza kukadiria kete zake zitaishia wapi hawezi kulicheza vizuri, hata akiahidiwa dhahabu. Katika bao hesabu haikuwekwa mlangoni kama ushuru anaotozwa mtu kabla ya kuingia katika furaha. Hesabu ni furaha yenyewe. Mimi nilikuwa nimechukua kutoka katika michezo ganda lake, yaani alama na nishani, nikauacha utamu wa ndani. Mchezaji wa kweli harudii mara ya kumi na moja kwa sababu ya nyota. Hurudia kwa sababu ameona ni wapi alipokosea, na anatamani kujua kama njia nyingine itafaulu.

Tangu siku hiyo nimepata kipimo cha kupimia michezo yote inayosemwa kuwa hufundisha hesabu. Uko mchezo wa video ambao mtoto hupiga ndege kwa mishale. Kila baada ya muda mchezo husimama, akaulizwa saba mara nane, akijibu huruhusiwa kurudi kwa ndege wake. Mchezo wa namna hii humfunza mtoto kwamba hesabu ni kikwazo kati yake na ndege. Uko mwingine ambao mtoto sharti akate ubao wa robo tatu ili uzibe pengo la daraja. Akikata nusu, daraja huanguka, naye huona kwa macho yake kwa nini nusu haikutosha. Huyu hahitaji kuambiwa kuwa amekosa. Daraja limemwambia, tena bila kumcheka.

Vyombo hivi vipya havistahili kudharauliwa. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza. Katika Mkoa wa Tanga, Tanzania, kati ya mwaka 2017 na 2019, vishikwambi vyenye masomo na michezo ya Kiswahili vilijaribiwa katika vijiji zaidi ya 150, ili watoto waliokosa shule wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la dunia nzima, lililoitwa Global Learning XPRIZE. Na mwezi Mei mwaka 2019 ushindi uligawanywa kati ya makundi mawili, Kitkit School na onebillion. Nayo Ubongo Kids, katuni iliyoanza mwaka 2014 huko Tanzania, imewafundisha watoto wengi hesabu kwa hadithi na nyimbo. Chombo kizuri kina subira kuliko mwalimu aliyechoka: hakigombi, hakicheki, na humngoja mtoto mpaka atakapokuwa tayari. Walakini chombo hakijui kuwa mtoto amenyamaza kwa sababu hakula jana. Hilo lahitaji jicho la mtu.

Lakini ningekosa uaminifu kama ningeishia hapa, kwa kuwa iko michezo mingine ufuoni ambayo pia hutoa alama na rangi na sauti za kupendeza. Ni michezo ya kubahatisha, ambayo vijana huicheza katika simu kwa fedha za kweli. Kaka wa kijana yule alikuwa amepewa fedha za kununulia nyavu. Akaziweka katika bahati usiku mmoja, na kulipokucha hapakuwa na fedha wala nyavu. Nilipozisikia habari hizo nilitetemeka, nikaukumbuka ukuta wangu. Nami pia niliwazoesha watoto kutamani kitu kinachong'aa bila kuuliza kinatoka wapi na kwa gharama gani.

Siku iliyofuata nilikwenda darasani na dadu kumi na mfuko wa maharagwe. Niligawanya darasa katika makundi kumi, kila kundi nikalipa maharagwe 60. Masharti yalikuwa haya: kila mrusho wa dadu unalipiwa haragwe moja, ikitokea sita, mimi nalipa maharagwe matano, isipotokea, silipi kitu. Kila kundi lirushe mara 60 na kuandika yote. Kelele zilikuwa nyingi mno, nami sikuzikataza.

Mwishoni tulijumlisha. Katika mirusho 600, sita ilitokea mara 97. Nilikuwa nimepokea maharagwe 600, nikalipa 485. Yaliyobaki katika mfuko wangu yalikuwa 115. Makundi mawili yalipata faida, manane yalipata hasara. Niliuliza kama nilidanganya. Walizikagua dadu, wakasema hapana. Niliuliza basi maharagwe yamekuja kwangu kwa njia gani. Kimya kiliingia, lakini hakikuwa kile kimya cha zamani cha kuogopa kuitwa. Kilikuwa kimya cha watu wanaofikiri.

Kijana wangu akasimama. Alisema kwamba dadu ina nyuso sita, na sita ni uso mmoja. Kwa hiyo katika mirusho sita mtu alipa maharagwe sita, na hutazamia kupata matano. Haragwe moja hubaki kwa mwenye mfuko, leo na kesho na daima. Kisha akaongeza neno ambalo sikuwa nimeliwaza: "Tulisikia kelele za makundi mawili tu, Mwalimu. Yale manane yaliyopoteza yalinyamaza. Hata ufuoni ni hivyo." Wahenga walisema kwamba mchezo wa paka ni mauti ya panya, siku hiyo panya aliuhesabu mchezo wa paka.

Jioni aliniletea karatasi. Alikuwa ametunga swali mwenyewe: Malipo yawe maharagwe mangapi ili mwenye mfuko asipate faida wala hasara? Alikuwa amejibu, sita. Na chini yake alikuwa amejiuliza tena, ni nani atakayefungua duka la namna hiyo? Sikumpa nyota. Nilimwambia kwamba swali la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza, nikamwonyesha kwa nini. Aliomba kuichukua karatasi nyumbani amwonyeshe kaka yake. Nilisikia baadaye kuwa kaka alicheka kwanza, kisha akaomba aonyeshwe tena.

Msomaji kijana, wako watakaokuahidi kwamba elimu inaweza kuwa mchezo mtupu usio na jasho. Usiwasadiki, kwa maana hata mchezo wenyewe una jasho lake. Wako pia watakaokwambia kuwa mchezo ni adui wa elimu. Na hao usiwasadiki. Uliza jambo moja tu: nikiondolewa tuzo, je, nitabaki na kitu? Ukibaki na hamu ya kujua, umecheza vyema. Ukibaki mikono mitupu, umechezewa.

Watu wetu husema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Zamani niliitazama tuzo peke yake katika methali hii. Sasa naanza kulitazama neno "kwao". Mtu sharti kwanza awe nyumbani katika jambo alifanyalo, alijue kama mvuvi wa Dunga ajuavyo maji yake usiku. Kazi ya mwalimu ni kumfanya mtoto awe mwenyeji katika nchi ya hesabu. Akiisha kuwa mwenyeji, tuzo ikija ataipokea kwa furaha. Na isipokuja, hatahama.