Rangi Chini ya Nati

Wanangu wa chumba cha mitambo,

Ijumaa nakabidhi funguo. Macho yangu hayatofautishi tena rangi za waya kama zamani; nyeupe-kijani na nyeupe-buluu zinaniingiliana, na fundi asiyeona rangi hana haki ya kushika krimpa. Afya ninayo, namshukuru Mungu. Lakini kazi hii nimeifikisha pale mkono wangu ulipoweza, na kabla sijatoka nawausia jambo moja ambalo mengine yote yanalizunguka: waya wa ardhi hufungwa wa kwanza, na hufunguliwa wa mwisho.

Najua mmelisikia. Mimi nami nilikuwa nimelisikia, tena nikilikariri, siku nilipofunga seva yangu ya kwanza ya kupokea wateja wa intaneti hapa Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990. Enzi zile mteja alipiga simu kwa modemu, ule mlio wa kukwaruza ukasikika, na upande wetu sanduku moja likaipokea simu, likauliza jina na nywila, likimtambua likamfungulia mtandao. Letu lilikuwa na laini 4 za E1, kila laini njia 30, kwa hiyo watu 120 waliweza kuingia kwa wakati mmoja. Nililipandisha kwenye raki, nikafunga waya wa ardhi kabla ya kitu kingine chochote, nikakaza nati mpaka kiganja kikauma. Chini ya ile nati sikutazama. Kulikuwa na rangi. Raki nzima ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu kutoka kiwandani, na rangi haipitishi umeme. Waya wangu ulikuwa pambo.

Mvua za masika zikaanza. Nyie wa huku mnaijua radi ya ziwani, inavyopenda kuja usiku. Ikapiga karibu, ikaingia kwa njia ya laini za simu, ikatafuta ardhi isiipate. Asubuhi chumba kilinuka plastiki iliyoungua na kadi za modemu zilikuwa nyeusi. Hizo zilinunuliwa nyingine. Ila mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa ameegemeza mkono kwenye raki wakati ule. Alipona. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikurudi kuhisi, na mpaka anastaafu alikuwa akifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Hakuwahi kunilaumu. Nawaandikieni haya kwa sababu yake yeye kuliko sababu nyingine yoyote.

Basi fanyeni hivi. Pale mnapofunga waya wa ardhi, kwangueni rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, eneo lizidi kidogo upana wa kishikio cha shaba. Wekeni washa yenye meno, kazeni, kisha pakeni grisi ya kuzuia kutu, maana unyevu wa ziwa hauna likizo. Halafu chukueni mita mpime kati ya kasha la chuma la seva na bamba la shaba la ardhi ukutani. Ikisoma zaidi ya omu 1, fungueni muanze upya. Msiamini nguvu ya mkono. Aminini mita.

Na ardhi yenyewe huko nje nayo ina maneno. Mji huu umekaa juu ya mawe. Kwingine fundi hupigilia fimbo ya shaba mita kadhaa ikazama kwenye udongo. Hapa nyundo inagonga jabali kabla fimbo haijafika magotini, na nimewaona mafundi wakikata kile kipande kilichobaki juu ili kazi ionekane imekwisha. Msifanye hivyo kamwe. Mawe yakikataa, chimbeni mtaro mrefu, lazeni utepe wa shaba, mfukie kwa udongo wa bentonaiti unaotunza maji. Mimi nimekuwa nikilenga omu 5 kushuka chini. Tena pimeni mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa imekauka. Kipimo cha Aprili kinampendeza kila mtu.

Ardhi ikiwa tayari, ndipo mguse umeme. Seva nyingi za siku hizi zina pawa saplai mbili, na kuzima swichi ya mbele si kukata umeme. Chomoeni waya zote mbili, zihesabuni kwa sauti, kisha pimeni. Vueni pete, saa na mkufu; chuma kikikutana na nguzo za betri za volti 48 kinayeyuka kikiwa kidoleni. Mtu asifanye kazi hiyo peke yake. Awepo mtu wa pili anayejua swichi kuu iko wapi, hata kama kazi yake ni kusimama tu mlangoni. Kulinyanyua sanduku pia ni kazi ya watu wawili, na msilishike kwa mishikio ya pawa saplai, hiyo haikuundwa kubeba uzito wote. Vizito vikae chini ya raki.

Umeme tuli mnaudharau kwa sababu hauumi. Mwili wa mtu hausikii cheche mpaka zifike kama volti 3,000, lakini chipu inaweza kuharibika kwa chini ya volti 100. Unaiua kadi bila kujua, nayo haifi siku ile. Inaanza kuwakatia wateja mtandao baada ya miezi miwili, nanyi mnalaumu programu. Vaeni ule mkanda wa mkononi, mbano wake ushike chuma kisicho na rangi. Ndani ya mkanda kuna kizuizi cha megaomu 1 kwa ajili ya kumlinda mvaaji. Ukipima ukakuta uko wazi au uko sifuri, utupeni.

Sasa kebo. Nyuma ya seva kuna matundu yanayofanana kama mapacha: la Etheneti na la E1, yote yanapokea kichwa kilekile cha pini 8. Etheneti ya megabiti 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6; ya gigabiti hutumia zote 8. E1 hutumia 1, 2, 4 na 5. Laini inayotoka nje, kwenye nguzo, inaweza kuleta umeme ambao tundu la Etheneti halikujengwa kuustahimili, na simu ya kawaida inapoita peke yake hupitisha volti 75 hadi 90. Ukichanganya, unaweza kuichoma seva, au kumchoma aliyeishika. Kwa hiyo lebo, ncha zote mbili, kabla kebo haijachomekwa. Ukisema utaweka kesho, kesho atakuja mwingine.

Mkikrimpu, msifumue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13. Kebo ya shaba isizidi mita 100 pamoja na vipande vya mwisho, isilale sambamba na waya wa umeme, na pale ambapo lazima zipishane, zipishane kwa pembe mraba. Msizinyonge kwa vibano vya plastiki. Ule msokoto wa ndani ndio unaofanya kazi, na ukibanwa unapoteza umbo. Kwa nyuzi za kioo, msichungulie ncha yake kamwe. Mwanga ule hauonekani na jicho halina akiba.

Na radi ikisikika hata kwa mbali, wekeni koleo chini. Mteja atapiga simu, mkubwa wa kazi atapiga pia. Mwambieni mzee alisema hakuna kushika laini ya simu wakati wa radi. Mkitaka, tajeni jina langu, nalikubali.

Watu wataniambia enzi za modemu zimepita. Ni kweli, tangu kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika pwani yetu mwaka 2009 mambo yalianza kugeuka, na leo sanduku linalouliza nywila linahudumia nyumba maelfu kwa nyuzi za kioo. Lakini bado ni sanduku la chuma, kwenye raki ya chuma, juu ya jabali lilelile, na ziwa liko palepale.

Daftari la vipimo vya ardhi liko juu ya kabati la betri. Mkanda wa mkononi umening'inia nyuma ya mlango. Raki mpya inaletwa Jumanne. Nimekwisha kuiona stoo, imepakwa rangi nyeusi nzito. Msasa uko kwenye droo ya pili.

Mzee wenu