Nilikitibu Kidonda, Nikauacha Mguu Utembee

Nakiri kwamba katika kazi yangu ya uuguzi niliwaingiza wagonjwa wa kisukari katika gharama zisizo na maana, na mmoja wao, mama muuza mboga, akakatwa mguu.

Alikuja na kidonda chini ya dole gumba la mguu. Nilikisafisha vizuri, nikakifunga, nikamwagiza dawa ya kupaka na bandeji. Nilipoona familia imeanza kuuza mbuzi, nilimhurumia nikamtafutia duka linalouza bandeji kwa bei nafuu. Nilidhani hapo ndipo gharama inapopunguzwa. Kila alipokuja nilitazama kidonda, sikutazama amekujaje. Alikuwa akitembea kutoka stendi, kandambili mguuni, kisha anarudi sokoni kusimama hadi jioni.

Halafu hakulalamika maumivu, nami nikaichukua hiyo kuwa dalili njema. Kumbe kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya fahamu ya nyayo zake. Mwenye kuumwa huchechemea, akaupumzisha mguu bila kuambiwa. Yeye alikikanyaga kidonda kwa uzito wa mwili mzima, na nyama changa iliyokuwa ikiota chini ya bandeji yangu ikawa inapondwa kila hatua. Usaha ulipofika kwenye mfupa, fedha zote tulizookoa kwenye bandeji zilimezwa na upasuaji, na binti yake akaacha kazi ili amuuguze.

Sina utetezi, kwa sababu jambo hili lilijulikana zamani. Daktari Paul Brand aliwatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, akaonyesha kuwa vidonda vya nyayo zenye ganzi huletwa na mgandamizo, na kwamba vingi hupona mguu ukifungwa hogo. Baadaye, Marekani, elimu hiyo ikawafaa wagonjwa wa kisukari. Mpaka leo, kwa kidonda cha unyayo, chaguo la kwanza ni kifaa kinachofika karibu na goti, ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe. Hogo la kawaida, likifungwa na fundi wake, hufanya kazi hiyo. Lakini kwanza papasa mapigo ya damu mguuni na uchunguze maambukizi, maana kufunga hogo juu ya usaha au mguu usiopata damu ni hatari kubwa.

Kuna kipimo cha ganzi kisichogharimu hata shilingi, kilichotungwa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa anafumba macho, nawe unagusa kwa wepesi ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asipohisi mara 2 au zaidi kati ya hizo 6, miguu yake imo hatarini hata kama haina mkwaruzo. Mama yule sikumpima hata siku moja.

Wauguzi wenzangu, kabla hamjamtuma mgonjwa dukani, mvueni viatu vyote viwili, mguseni vidole, kisha mumuulize atarudije nyumbani.