Jasho la Mwenye Nyumba

Neno nyumba, katika fikira za watu wetu, halina maana ya kuta na paa peke yake. Tukisema fulani amepata nyumba, huenda tunasema ameoa. Tukisema nyumba ya fulani, huenda tunautaja ukoo wake mzima. Ndugu zetu wenye asili ya Burundi nao wana neno urugo, ambalo ni ua na uzio unaoizunguka nyumba, na papo hapo ni jamaa wote waishio ndani ya uzio huo. Basi mtu anunuapo nyumba iliyoachwa na mwenyewe hana budi ajiulize amenunua kipi katika hivyo vyote. Swali hilo lilitufika sisi mwaka 2017, tulipoinunua na kuanza kuitengeneza nyumba moja iliyokuwa gofu katika makazi ya Mishamo, kaskazini ya mji wa Mpanda.

Yafaa kwanza msomaji aelewe jinsi nyumba za Mishamo zilivyopata kuachwa, maana si jambo la kawaida katika nchi ambamo kila siku twasikia uhaba wa makazi. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na watu wengi wakavuka kuja kwetu. Serikali iliwafungulia makazi matatu: Ulyankulu huko Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na mwisho Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978 katika misitu ya miombo ya nchi ya Watongwe na Wabende. Waliofika walikuta pori, mbung'o na wanyama. Kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na la Kikristo lililojulikana kwa kifupi TCRS, wakafyeka, wakachora barabara, wakapanga vijiji 16 vyenye nyumba zilizofuata barabara na mashamba nyuma yake. Mwaka 1985 makazi hayo yalikabidhiwa rasmi kwa Serikali, wenyeji wake wakiwa wamekwisha kujilisha wenyewe kwa mahindi, maharage na mihogo, na ziada wakiiuza nje. Miaka miwili kabla ya hapo Mwalimu Nyerere alikuwa ametunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Nishani ilikuwa haki yake. Lakini mikono iliyong'oa visiki, nayo yastahili kukumbukwa.

Kisha ukaja mwaka 2007. Wakazi wa makazi yale matatu, waliokadiriwa kuwa 218,000, waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wanne katika kila watano walichagua kubaki. Waliosalia, makumi ya maelfu, walifunga mizigo wakaenda zao kati ya mwaka 2008 na 2009. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wamekubaliwa uraia. Lakini kulikuwa na mpango kwamba raia hao wapya wahame na kutawanywa katika mikoa mingine, na hati zenyewe hazikuanza kugawiwa mpaka Oktoba 2014, mpango wa kuhama ulipokwisha kuwekwa kando. Kwa miaka hiyo yote ya katikati, nani angechoma tanuru la matofali? Nani angepanda mwembe? Paa lililovuja liliachwa livuje. Kwa hiyo mgeni aliyepita Mishamo siku hizo aliona magofu ya namna mbili yaliyofanana sana: nyumba za waliokwisha kuondoka, na nyumba za waliongoja kuondolewa.

Hata mataifa tajiri yana magofu yao. Huko Japani, hesabu ya nyumba iliyofanywa mwaka 2023 ilionyesha kuwa nyumba milioni 9 hazina wakazi, yaani karibu 14 katika kila 100. Wajapani huziita akiya, na halmashauri za miji midogo huweka orodha zake ili apatikane wa kuzichukua kwa bei ya chini. Sababu yao yafahamika: wazee hufa, na watoto wao waliokwisha kuhamia Tokyo na Osaka hawarudi kijijini. Ya Mishamo ni kinyume chake. Huku nyumba zilibaki tupu kwa kuwa wenyewe walirudi kwao, au walirudi mahali walipoambiwa tangu utoto kuwa ndiko kwao. Hapo ndipo mnunuzi wa Mishamo anapotofautiana na mnunuzi wa Japani, kwa maana mwenye nyumba wetu alikuwa hai, alikuwa mbali, na yamkini angeweza kugonga mlango siku yoyote.

Nyumba tunayoisimulia ilijengwa na jirani wa wakwe zetu. Mama wa watoto wetu amezaliwa katika kijiji hicho, na humo ndimo alimojifunza kutembea. Ndiyo sababu sisi, tuliolelewa Mpanda mjini, tukapata kuwa na neno la kusema juu ya ua wa watu wale. Jirani huyo aliondoka mwaka 2009 pamoja na mkewe na watoto, akaelekea upande wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Alimwachia mdogo wake nyumba. Mdogo akaitumia kuwa ghala la tumbaku misimu michache, kisha akaiacha. Nyasi za paa zilibomoka, mvua ikapata njia.

Huyo mdogo ndiye aliyetutafuta, akitaka kuuza. Tulikuwa tayari, na bei ilikuwa nyepesi. Aliyetuzuia ni mama mkwe. Alituita jikoni kwake, akatukalisha, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, nyumba ya mtu aliye hai hainunuliwi kwa ndugu yake. Ukishaingia humo, yule atalala wapi akifukuzwa?"

Maneno hayo hayakuwa ya uchuro. Wengi waliorudi Burundi baada ya miaka thelathini na kitu walikuta mashamba yao ya 1972 yamekaliwa na wengine. Na kule Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye michikichi, ardhi ilikuwa imebadili mikono mara nyingi. Nchi ile iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kushughulikia mashauri hayo, na mashauri yalikuwa mengi kuliko tume. Kwa hiyo nyumba moja ya Mishamo ilikuwa na ncha mbili. Ncha ya huku ilikuwa gofu lenye mchwa. Ncha ya kule ilikuwa mzee mwenye kesi. Kuinunua kwa mdogo wake kulikuwa ni kumfungia mzee yule mlango wa nyuma pasipo yeye kujua.

Tukampigia simu. Ilichukua wiki mbili kumpata, na tulipompata hakushangaa. Alisema kesi yake ilikuwa imekwisha kwa kugawana: amepewa nusu ya shamba, na aliyekuwa akilikalia amebaki na nusu. Alihitaji mabati ya nyumba yake mpya. Akasema tununue, ila fedha zimfikie yeye, na mdogo wake apewe fungu la ulinzi. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza sharti moja: nyuma ya nyumba kuna makaburi mawili, la mama yake na la mtoto wake wa kwanza, na yasilimwe. Tulikubali. Hatukuwa na haki ya kufanya vinginevyo, na hata tungekuwa nayo, wakwe zetu wasingetusalimu tena.

Ikabaki habari ya karatasi. Sisi tuliokulia katika mafaili twapenda mambo yaandikwe, na jambo hili lilikuwa gumu kuandikika. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hivyo ndivyo zisemavyo sheria zetu za ardhi za mwaka 1999. Aidha, ardhi ya Mishamo ilitengwa na Serikali kuwa makazi ya wakimbizi, na aliyelima alikuwa na ruhusa ya kutumia, wala hakupata hati. Je, mzee yule aliuza nini? Wenye busara pale kijijini walikuwa na jibu tangu zamani: anauza jasho. Basi mbele ya viongozi wa kijiji na mashahidi wanne iliandikwa kwamba tumelipia jasho la mwenzetu, yaani kuta, msingi wa mawe, milango miwili, fremu za madirisha, miembe mitatu na shina la migomba. Ardhi haikutajwa kwa bei. Makaburi yalitajwa, na upana wake ukapimwa kwa hatua.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo ilitufunza mengi kuliko karatasi. Mvua za Katavi huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei, hivyo mwenye kutengeneza nyumba ya udongo ana miezi sita tu ya kukimbizana nayo. Kuta zilikuwa za matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na mvua, ulikuwa umeliwa hadi nusu ya unene wake, na mchwa walikuwa wamepanda ndani yake hadi kwenye boriti. Fundi wa kwanza tuliyemwita kutoka mjini alishauri tuupige lipu ya saruji nyumba nzima, ing'ae. Fundi wa pili, mzee wa pale pale, alicheka. Saruji na udongo, alisema, haviendi pamoja: saruji haipumui, maji yakipata ufa hukaa nyuma yake, na mwaka wa tatu ganda lote huanguka na kuchukua ukuta. Akatuonyesha nyumba ya jirani iliyoanguka ganda vivyo hivyo. Tukamfuata yeye. Alichimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mchanga wa mtoni, samadi ya ng'ombe na makapi, akauacha uchachuke siku kadhaa, ndipo akakandika. Saruji tuliyoinunua Mpanda ikatumika kwenye msingi na sakafu tu.

Paa lilituletea ubishi nyumbani. Nyasi ni baridi mchana na kimya wakati wa mvua, na zinapatikana bila fedha; lakini hukatwa Juni na Julai kabla moto wa pori haujapita, na nyumba ya nyasi hudumu ikiwa inakaliwa, kwa sababu moshi wa jikoni ndio unaofukuza wadudu. Nyumba iliyoachwa hufa kutoka juu, kwa kukosa moshi. Sisi, tukiwa watu wa kwenda na kurudi kwa ajili ya utumishi, tusingeweza kuwapo kila jioni kuwasha moto. Tukaezeka bati, na hatuoni haya, ijapokuwa wapo wenzetu wa utamaduni ambao wangependa kila nyumba ya kijijini ibaki ya nyasi ili wao waje kuipiga picha. Kenchi tulizifanya kwa mikaratusi iliyopandwa na wakazi wenyewe, kwa maana mninga na mkurungu havikatwi bila kibali cha misitu, na bei yake si ya watu wa daraja letu. Upenu tuliutoa nje zaidi ya wa kwanza, karibu hatua moja nzima, ili ukuta wa magharibi upumzike.

Siku ya kupandisha kenchi walikuja watu zaidi ya ishirini. Hatukuwaita kwa barua; ilitosha mama mkwe kupika. Tumepata kusoma kwamba katika kijiji cha Shirakawa, huko Japani, nyumba kubwa za nyasi huezekwa upya na majirani wote kwa zamu, na desturi hiyo huitwa yui. Sisi twaiita ujima, na tuliihubiri sana majukwaani katika enzi za vijiji. Ila tuliyoyaona siku ile hayakuwa ya jukwaani. Walikuja kwa sababu nyumba ilikuwa ya jirani yao, na walitaka kuhakikisha kwamba haiharibiwi. Mmoja alisimama chini akituelekeza mahali mwenyewe alipokuwa ameweka kitanda, akataka dirisha lisihamishwe. Dirisha halikuhamishwa.

Juu ya kizingiti cha mlango wa mbele palikuwa pamechongwa kwa patasi mwaka 1981, na ndani, kwenye ukuta wa chumba cha akiba, palikuwa na mistari ya mkaa iliyopangwa mitano mitano, hesabu ya magunia ya misimu mingi. Fundi aliuliza kama afute. Kizingiti tumekiacha kilivyo, bila rangi. Hesabu ya magunia tuliinakili kwenye daftari, kwa maana ukuta wenyewe ulikuwa umeoza na haukuweza kuokolewa, na nakala tukampelekea mzee kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Alirudisha jibu kwamba tumeruka mstari mmoja, wa mwaka ambao nguruwe waliingia shambani.

Hata leo kijijini nyumba hiyo haiitwi kwa jina letu. Mtoto akitumwa kwetu huambiwa nenda kwa fulani, na fulani huyo ni yule aliyeko Rumonge. Mwanzoni jambo hilo lilitukera kidogo. Fedha tulizitoa sisi, na mgongo ulituuma sisi. Mama wa watoto wetu hakukereka hata siku moja, naye ndiye aliyepanda maua kuzunguka yale makaburi mawili na kuweka uzio wa miti hai, ili mbuzi wasipite. Mzee hupiga simu kila mwaka mvua zinapoanza. Huuliza miembe imezaa kiasi gani, na kama ukuta wa magharibi unavuja. Mpaka sasa hauvuji. Jiko la nje tu ndilo halijaisha. Kuta zimesimama, na nyasi zake, maana jiko tumeamua liwe la nyasi, zitakatwa Juni.