Mfupa Haupendi Haraka

Ninapowatembelea waliovunjika miguu vibaya, mara nyingi nasikia neno hili: «Afadhali waukate.» Siwalaumu, maumivu ni makali. Lakini sikieni habari ya Valeriy Brumel, Mrusi aliyewashinda wote kwa kuruka juu huko Tokyo mwaka 1964. Mwaka uliofuata alipata ajali ya pikipiki, mguu ukapondeka. Akapasuliwa mara nyingi, mguu ukabaki mfupi.

Mwaka 1968 alitibiwa na mganga Gavriil Ilizarov, huko Kurgan, Siberia. Mganga huyu alipitisha nyuzi za chuma katika mfupa, akazifunga kwenye pete za chuma zilizouzunguka mguu. Mfupa hukatwa, kisha vipande hutengwa polepole, milimeta 1 tu kwa siku, na katikati huota mfupa mpya. Ukivuta kwa haraka, hauoti. Brumel akaruka tena, akapita mita 2.

Si kila mguu huokoka. Pengine mganga hukata ili kuokoa uhai. Lakini akisema, «Ngoja,» basi ngoja, ndugu. Nasi tulio wazima tumpelekee chakula, tuketi naye. Miezi ni mirefu kwa mtu aliye peke yake.